Visindikizo vya Paja Nisilolionja

Kwa miaka ishirini na mitatu mimi ndiye niliyechagua kiliwe nini pamoja na paja la nguruwe kwenye chakula cha sikukuu ya Desemba, na paja lenyewe sijalionja hata mara moja. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Nililioka, nikalipaka asali na haradali, nikalikata vipande vyembamba vya kupita kwenye koo la mtu wa miaka tisini, na watu wengi wakaniambia kwamba ni tamu. Ninawaamini. Sina njia nyingine.

Naanza na hilo kwa sababu kila mgeni wa jikoni huliuliza kabla wiki yake ya kwanza haijaisha. Wenzangu watatu wapya, mmoja wa Bukavu na wawili wa Eldoret, wameniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikichagua visindikizo. Hilo ndilo jina letu la jikoni la vyakula vya pembeni: viazi, kabichi, karoti na jamaa zao wote wanaolisindikiza paja mezani. Wametaka iwe kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza ipo karatasi ukutani tayari, na sijapata kumwona mtu akiisoma.

Nyumba ya wazee tuliyofanyia kazi ipo huku ughaibuni kwenye baridi, mwendo mfupi wa basi kutoka mtaa wa Flemingdon Park. Nilifika pale mwezi wa Novemba, nikitokea Thorncliffe Park tunakoishi hadi leo, nikiwa na koti la kuazima na cheti cha upishi kutoka hoteli moja ndogo ya Dar es Salaam ambako nilipika samaki tu. Mpishi mkuu alikuwa Desmond, Mjamaika mrefu mwenye sauti ya chini. Hakukitazama cheti. Alinipa gunia la viazi na kisu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanitazama nikimenya. Baada ya viazi kumi hivi akasema, "Mkono unajua. Sasa tuone kama kichwa kinajua. Mwezi ujao tuna paja la nguruwe. Unaweza?"

Nikamwambia nipe siku mbili. Niliuliza watu watatu wenye elimu ya dini, nikapata majibu manne. Mke wangu Mwanaidi ndiye aliyemaliza shauri. "Nenda kapike," alisema. "Wewe huli, unalisha wazee. Lakini glavu na aproni vibaki huko huko, usiniletee nyumbani."

Desmond alinifundisha mambo mawili. La kwanza: paja halihitaji mpishi, linahitaji saa. Linakuja limekwisha kutiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi. Kazi yako ni kulipasha taratibu na kutolisahau. Mpishi hujulikana kwa vinavyokaa pembeni yake. La pili: usisikilize watu wanachosema, tazama kinachorudi. Wazee wa mji huu wana adabu. Watakusifia chakula huku wakikificha chini ya kitambaa cha mezani. Kwa hiyo, kila baada ya chakula tulisimama kwenye mlango wa sehemu ya kuoshea vyombo, tukazisoma sahani zilizorudi kama watu wanavyosoma gazeti.

Mwaka wangu wa kwanza nilipika viazi vitamu kwa tui la nazi, na karoti kwa asali. Nilipita ukumbini nikapigiwa makofi. Kisha sahani zikarudi, na vilima vya viazi vipo kama tulivyovipakua. Desmond alichukua uma, akaonja paja, akaonja viazi, akaonja karoti.

"Hamisi," akasema, "umewapa keki tatu na kipande cha nyama."

Hapo ndipo nilipoelewa. Paja lina chumvi, lina sukari na lina moshi. Ukiongeza sukari unalirudia, na ukiongeza chumvi unaligombanisha na moyo wa mgonjwa. Jiulize lina upungufu gani. Halina uchachu, halina ubichi, na halina kitu kipole cha kupumzishia ulimi. Basi chagua kimoja cha siki, kimoja cha kijani, kimoja cha maziwa au wanga kisicho na makeke. Changu cha siki kilikuwa kabichi nyekundu iliyochemshwa kwa tufaha na siki mpaka inalainika lakini haijalala. Cha kijani, maharagwe mabichi. Vitabu vinasema dakika tano, meno ya bandia yanasema saba, nami nilifuata meno. Cha upole, viazi vilivyokatwa vyembamba vikaokwa kwa maziwa na vitunguu bila chumvi hata chembe, kwa kuwa chumvi inakuja na jirani yake. Usiweke vitu viwili vya kupondwa kwenye sahani moja, na usiweke viwili vyenye rangi moja. Mzee asiyeona vizuri hula kwa rangi. Na usiondoe tenipu za manjano zilizopondwa, ile mizizi ya nchi za baridi, hata kama wewe huzipendi. Niliziondoa mwaka mmoja, na mzee mmoja wa pwani ya mashariki ya nchi hii akalia mbele ya mkwe wake.

Desmond alipostaafu, jiko likaja kwangu. Siku hizo ndipo meza ya dirishani ilipoanza kujaa watu wa kwetu. Walikuwa sita, Wahindi wa Afrika Mashariki, Waismaili, waliozaliwa Mwanza, Bukoba na Kampala, na Kiswahili chao kimenyooka kuliko cha wanangu. Kiongozi wao bila kuchaguliwa alikuwa Mama Shirin, aliyekuwa mwalimu wa hesabu Mwanza. Siku ya paja la nguruwe, utaratibu uliokuwepo ulikuwa kuwaletea sahani zao za kuku zimefunikwa plastiki na kubandikwa karatasi.

Mama Shirin akaniita. "Hamisi, hebu njoo hapa. Hii nini?"

"Kuku, mama."

"Naona kuku. Nauliza karatasi. Mbona nimebandikwa kama sanduku la uwanja wa ndege?"

Wa pembeni yake, Bwana Nurdin, hakuwepo kabisa. Alikuwa na duka la vitabu Bukoba zamani, mtu wa maneno machache na kofia safi. Siku ya paja alijifungia chumbani na chai na biskuti, kwa sababu, alisema, jiko ni moja na mikono ni ile ile. Mkewe alikuwa amefariki mwaka ule. Wauguzi walikuwa na wasiwasi naye: meza ile ndiyo ilikuwa mahali pekee alipozungumza.

Nilikwenda chumbani kwake. Nikamweleza ninachotaka kufanya. Visindikizo vyote vitapikwa kama vile paja halipo. Maharage meupe ya kuoka, ambayo hapa hutiwa mafuta ya nguruwe, mimi nitayaoka kwa nyanya, vitunguu na haradali, ili asiyekula nyama ashibe. Sahani zitakuwa sawa kwa wote, bila karatasi. Anayetaka paja ataongezewa, asiyetaka atapita, wala hakuna atakayejua isipokuwa anayetazama sana.

"Na nguruwe haitavigusa?" aliuliza.

"Hata tone, Bwana Nurdin."

"Hilo unasema wewe, au linasema jiko?"

"Nasema mimi."

Alivaa kofia yake. "Basi nitakula kwa neno lako. Si kwa la jiko."

Nyinyi mnaobaki, jueni kwamba hapo nilijifunga. Nilinunua mbao za kukatia za rangi: ya kijani kwa mboga, ya kahawia kwa paja na si kwa kingine chochote. Koleo la paja nililifunga utepe mwekundu. Nilihamisha tanuri la paja upande wa pili wa jiko. Glavu zilibadilishwa kabla ya kila hatua mpaka msambazaji wake akauliza kama tumefungua hospitali. Desemba ile Bwana Nurdin alikaa mezani, akala viazi, akala maharage, akala kabichi mara mbili. Sahani yake ilirudi safi, nami niliitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Lilibaki tatizo moja: nani ataonja? Paja sikuweza, na kisindikizo kilichochaguliwa bila kujua ladha ya paja la mwaka huo ni kubahatisha, maana mapaja hayafanani. Mengine yana chumvi ya bahari nzima. Zamani ulimi wangu ulikuwa Desmond. Sasa ukawa Mama Kui.

Mama Kui, mpishi mwenzangu, ni wa Nakuru, Mkristo, mwimbaji wa kwaya, na ana ulimi kama mizani ya dawa. Alionja paja, akafunga macho, akasema, "Hii ya mwaka huu ina chumvi ya kiburi. Kabichi iongezwe siki kidogo, na hizo viazi usiziguse." Mimi nilikuwa na daftari. Kila Desemba niliandika maneno yake neno kwa neno, kwa sababu sikuwa na chanzo kingine cha habari. Bado ninalo. Mwaka mmoja limeandikwa: "Maharage yako sawa lakini yananyamaza." Niliyatia haradali, yakasema.

Sasa nifike kwenye Desemba ya sita ya Mama Kui. Ilikuwa kama nusu saa kabla ya chakula cha mchana. Jamaa za wazee wamekwisha fika, ukumbini kinanda kinapigwa, na mimi nipo kwenye meza ya mvuke inayotunza chakula kikiwa moto, kalamu mkononi. Mama Kui alikuwa amekwisha onja paja na anaonja kabichi, nami nasubiri neno lake. Hakusema upesi. Kwa hiyo badala ya kutazama daftari nikatazama mkono wake.

Alikuwa na kijiko cha mbao. Chake mwenyewe, alichokuja nacho kutoka nyumbani. Alikizamisha kwenye kikombe cha maji ya moto kilichokuwa pembeni ya jiko, akakitikisa, akakielekeza kwenye viazi.

"Mama Kui, ngoja."

"Nini?"

"Hicho kijiko ndicho ulichoonjea paja?"

"Si ndiyo? Lakini nimekisuuza."

"Wapi?"

"Hapa kwa kikombe."

Nikainama. Juu ya maji ya kikombe yalielea macho madogo ya mafuta, mengi, ya dhahabu. Kabichi haina mafuta. Viazi alikuwa hajavigusa. Mafuta yale yalikuwa na mwenyewe mmoja tu.

"Vijiko vya plastiki tulivyowekewa viko wapi?"

"Mzee Hamisi, plastiki inaharibu ladha. Nilikuambia mwaka wa kwanza."

Kweli aliniambia. Nimeligundua baadaye kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Mama Kui hapendi plastiki." Niliandika, sikuuliza anatumia nini. Desemba tano zilizotangulia nilikuwa natazama karatasi wakati kijiko kinatembea kutoka kwenye paja hadi kabichi, hadi viazi, hadi maharage. Mbao zilikuwa na rangi, koleo lilikuwa na utepe, na kijiko hakikuwa na chochote.

Mama Kui alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akaelewa. Akaweka mkono mdomoni. "Wuui. Mzee Nurdin."

"Leo umeonja nini?"

"Paja, halafu kabichi. Basi. Naapa."

"Kabichi inaondolewa."

"Yote? Trei tatu?"

"Yote."

"Tuwape wale wanakula nguruwe, si hawatajali?"

"Tukifanya hivyo tutarudi kwenye karatasi za kubandika. Kuna nini kwenye friji ya mboga?"

Kulikuwa na matango, vitunguu, nyanya na malimau. Sijui kama mmewahi kukata kachumbari ya ukumbi mzima kwa muda wa nyimbo tatu za kinanda. Vitunguu tulivivuruga kwa chumvi tukavisuuza mara tatu ili visiwachome wazee, nyanya tukazitoa mbegu, matango tukayakata membamba kama karatasi kwa ajili ya wasio na meno. Mama Kui alikata huku machozi yakimtoka, na kwa vile mbele yake kulikuwa na vitunguu sikumuuliza. Siki na limau tulionja mimi na yeye, kila mmoja na kijiko kipya cha plastiki. "Ladha imeharibika," alinong'ona, "lakini iko sawa."

Ilienda mezani kwenye mabakuli madogo. Bibi mmoja wa Kiskoti akauliza ni nini. Mama Kui akamjibu kwamba ndicho tunachokula sisi wenyewe nyama inapojiona. Sahani zikarudi. Sijawahi kuona mabakuli matupu kama yale. Kwa paja la nguruwe, kachumbari inaishinda kabichi yangu ya siki, nami nilichukua karibu miaka ishirini na ajali moja kuligundua hilo. Ukumbi ukisafishwa, Mama Kui alitaka kwenda kwa meneja kujishtaki. Tulikwenda pamoja, nikaanza mimi, kwa sababu jiko lilikuwa langu. Meneja alisikiliza, akaandika, akaagiza vijiko vya chuma.

Lakini neno sikuwa nimempa meneja.

Alasiri ile nilimkuta Mama Shirin peke yake dirishani na chai yake. Bwana Nurdin alikuwa amekwenda kulala. Nilimchagua yeye kwanza, na nakiri ilikuwa woga.

"Mama Shirin, nina jambo."

"Jambo gani, na uso kama wa mtu aliyepoteza pasipoti?"

Nikamweleza. Sikupunguza. Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Miaka mitano," akasema.

"Mitano."

"Kijiko kimoja."

"Kimoja, na kikombe kimoja."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kama amekwama na kitu kooni. "Hamisi bwana! Na mimi namsifia binti yangu kwa simu, kabichi ya Hamisi, mkono wa Tanga!" Alijifuta macho kwa pembe ya shali. Kisha akaacha kucheka. "Kwangu limepita. Mtu haulizwi kwa asichokijua. Wale wengine wanne pia, nitazungumza nao, watapiga kelele siku mbili. Lakini Nurdin."

"Nitamwambia mimi. Neno nilimpa mimi."

"Utamwambia nini? Ukimwambia leo, kesho harudi mezani. Siyo meza ya sikukuu tu. Hii hapa, ya kila siku. Halafu nani ataongea naye? Televisheni?"

"Nikimficha, mama, nimemdanganya mara ya pili."

"Sikusema umfiche. Nimesema niachie. Nilimjua mkewe kabla yeye hajamjua. Najua siku ya kumwambia mtu yule jambo. Siyo leo na siyo wewe."

"Lini, basi?"

"Wewe Hamisi. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini, nimeshasema niachie."

Nikamwachia. Wenzangu mtaniuliza kama nilifanya sawa. Naweza kuwaambia kuhusu siki, lakini kuhusu hili sina kipimo. Najua tu kwamba kesho yake asubuhi Bwana Nurdin alikuwa mezani, akinisalimia kwa kuinua kikombe, nami nilijibu salamu yake na kurudi jikoni haraka kuliko kawaida.

Tangu siku ile jiko lina jagi mbili za vijiko vya chuma, moja yenye utepe mwekundu. Kijiko kikiingia mdomoni au kwenye sufuria kinakwenda kuoshwa, hakuna kikombe cha kusuuzia popote karibu na moto. Anayeandika daftari aandike baada ya kuonja kwisha, si wakati wa kuonja. Kijiko cha mbao Mama Kui alikirudisha nyumbani. Kachumbari imebaki kwenye orodha ya sikukuu, na sasa jamaa za wazee hupiga simu kuiulizia kabla hawajaulizia paja.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Mama Shirin alihamia kwa binti yake Calgary. Iliamuliwa kwa wiki moja. Nilimfungia chapati za safari, tukaagana mlangoni katikati ya watu na masanduku. Hunipigia simu kila Idi. Nimemuuliza mara mbili kama alimwambia Bwana Nurdin. Mara ya kwanza alinieleza habari za goti lake, mara ya pili simu ilikatika, au aliikata.

Bwana Nurdin bado yupo. Desemba zote zilizofuata hadi nilipostaafu, siku ya paja la nguruwe binti yake alimchukua saa nne asubuhi kumpeleka kwake Regent Park. Alinipitia jikoni kila mara akiwa amevaa koti, akanipa mkono, akaulizia hali ya Mwanaidi, akaondoka paja likiwa bado tanurini. Sura yake ilikuwa ile ile ya siku zote, sikuweza kusoma humo kama ameambiwa. Mama Kui anasema nisijisumbue, ni habari ya lifti tu: binti yake zamani alikaa ghorofa ya tatu kwenye jengo la ngazi, sasa wamehamishiwa jengo jipya, na kiti cha magurudumu kinafika mpaka mlangoni.

Mwezi uliopita nilipanda basi nikaenda kuangalia. Lifti ipo, na inafanya kazi.